Kichupa cha Pili, Dada Milembe

Dada yangu Milembe,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia kutoka huko uliko, na mimi sijui huko ni wapi. Bwana Masele, mchimbaji aliyeletwa hospitalini kwetu na mkono uliovunjika, anasema alikuona kwenye machimbo ya Nyarugusu, Geita, baada ya masika, halafu kambi nzima ikahamia rashi nyingine, yaani kule watu wanakokimbilia wakisikia dhahabu imetoka. Rashi gani, hajui. Kwa hiyo nimeipiga barua hii chapa kwa nakala sita na sikuitafutia bahasha. Masele anaruhusiwa kutoka Jumatatu. Atazibandika kwenye kuta za wanunuzi wa dhahabu, mahali ambapo watu husoma kila kilichobandikwa wakisubiri mizani. Wengi wataisoma kabla yako. Jambo hilo lilinitisha siku nyingi, mpaka nikakubali kwamba woga wangu ndio uliotufikisha hapa na sitaupa nafasi nyingine.

Niruhusu nianze na siku uliyofika, kwa sababu siku hiyo bado sikuwa nimekukosea.

Ulikuja mwanzoni mwa zile mvua za El Nino, wakati mayu, mama yetu, amelazwa wiki ya pili kwa ugonjwa wa moyo. Uliingia wodini na mkoba wa nguo begani na kikapu kifuani, na kikapu ndicho ulichokikumbatia. Nilidhani umeleta mayai. Ulipofunua nikaona vichupa vilivyozibwa pamba, kila kimoja kina mchirizi mweupe ndani kama maziwa yaliyogandia ukingoni.

"Hawa ni watoto wangu," ulimwambia mama. "Ni hamira. Chuoni umeme unakatika, nikiwaacha watanifia."

Mayu aliinua kichwa kwenye mto akavitazama vizuri. "Mwenzako Ngolo ana watoto wanne, wote wanachota maji. Hawa wako watachota nini?"

Ulicheka mpaka nesi akaja kutuuliza kama pale ni wodini au kilabuni.

Ulikusudia kukaa siku tano. Mafuriko yakabomoa reli, na barabara nayo ikawa tope tupu, ukakwama Shinyanga na vichupa vyako na profesa wako wa Ulaya anayesubiri majibu. Ninazikumbuka wiki zile kuliko mwaka wowote wa shule. Kila mchana nilileta chakula kutoka nyumbani Ngokolo, ugali wa mtama na mlenda, tukala watatu kando ya kitanda. Ndipo ulipotufundisha kazi yako. Ulifinyanga tonge, ukabonyeza katikati kwa dole gumba mpaka likawa na kishimo, ukachota mlenda.

"Seli ya hamira inakula hivi hivi," ulisema. "Haina mdomo. Ngozi yake, ule utando wa nje, inabonyea kuelekea ndani, kishimo kinazama, kinajifunga na kuwa kifuko kidogo, kifuko kinaingia na kila kilichokuwa nje. Umeona? Imemeza."

Kisha ulikata kipande cha kiporo cha asubuhi kilichokauka, ukakibonyeza vile vile. Kikapasuka. Ulisema ndani ya utando ule kuna mafuta ya namna yake, ergosteroli, na kwamba wewe una hamira za aina mbili: nzima, inayoyatengeneza mafuta hayo mpaka hatua ya mwisho, na pungufu, ambayo urithi wake umeharibika mahali pamoja, hivyo inaishia njiani na kubaki na mafuta yanayofanana nayo lakini siyo yenyewe. Pungufu inaishi, inakua polepole, ila je, inaweza kubonyea? Inaweza kumeza? Hilo ndilo swali ulilokuwa umetumwa.

"Kwa hiyo," mayu alisema taratibu, "serikali imekusomesha miaka yote hiyo urudi kutuonyesha namna ya kubonyeza ugali."

"Ndiyo, mayu."

"Basi hukupoteza muda. Mdogo wako bado hajui, tazama anavyojichafua."

Nakumbuka pia ulivyomuuliza kuhusu pombe yake. Miaka yote alipopika pombe ya mtama, kabla hajafunika mtungi aliimimina kutoka chombo kimoja kwenda kingine, kutoka juu, mara nyingi, mpaka ifanye povu. Wapishi wengine wa mtaani walimcheka kwamba anacheza na maji. Ulimweleza kuwa hamira haiwezi kutengeneza ergosteroli bila hewa. Ukiifunika tangu mwanzo inaanza kazi ngozi yake ikiwa dhaifu, inachoka kabla pombe haijaiva.

"Mimi nilijua inataka kupumua," mayu alijibu. "Nani asiyetaka?" Na wakati huo yeye mwenyewe alikuwa akipumua kwa kuegemea mito mitatu.

Kitanda cha pili kutoka kwake alilala yule msichana mwembamba mwenye utando mweupe kinywani na kooni, aliyelia akinywa hata maji. Ulinivuta pembeni ukaniambia kwamba ule weupe nao ni ndugu wa hamira, na dawa ya matone aliyokuwa akipewa inakwenda kuyashika mafuta yale yale, kwa sababu seli za binadamu hazina ergosteroli, zina mafuta mengine. "Tunayapiga mafuta haya kila siku wodini, Mabula, na bado hatujui vizuri yanafanya kazi gani." Ulisema kwa sauti ya chini, lakini macho yako yalikuwa makali. Nilijivunia kuwa ndugu yako. Niliogopa vile vile, maana ulikuwa umeanza kunihesabu kama msaidizi.

Kipimo chenyewe kilihitaji hadubini ya mwanga wa buluu. Mkuu wa maabara alikuwa nayo moja, ya kuangalia makohozi ya watu wa kifua kikuu, na alikukubalia Jumamosi mchana maabara ikishafungwa. Barafu nilikwenda kuinunua mimi kwa Mzee Hasham, muuza soda wa Kambarage, nikaibeba ndani ya deli la kuuzia aiskrimu. Mzee Hasham aliniuliza nani amefariki. Nilimwambia ni ya hamira. Alinitazama akaongeza bonge moja bure.

Sasa naandika yale ambayo watu huko hawatayaelewa nisipoyaeleza polepole. Ulikuwa na vichupa sita katika maji ya uvuguvugu, vitatu vya hamira nzima na vitatu vya hamira pungufu, na ndani ya kila kimoja rangi ya njano. Hamira ikimeza, rangi inaingia nayo, inafika kwenye kifuko kikubwa cha ndani ambacho ulikiita tumbo, na chini ya mwanga wa buluu tumbo linang'aa. Baada ya dakika kumi na tano vichupa viwili, nzima na pungufu, vinazamishwa barafuni, kwa sababu kwenye baridi hamira haimezi. Baada ya dakika thelathini viwili vingine. Baada ya sitini viwili vya mwisho. Rangi ilikuwa ya kutosha siku moja tu. Kichupa chake kidogo ulikipindua mdomo chini ukakigonga ili tone la mwisho litoke.

Jozi mbili za kwanza ulizizamisha mwenyewe. Kama dakika ya arobaini nesi alikuja mbio kukuita, mayu anakosa pumzi. Ulinipa saa yako ya mkononi. "Sitini kamili, Mabula. Zamisha, andika. Usiondoke."

Nilikuwa zamu masjala siku ile mpaka saa kumi. Hukujua, kwa sababu sikukwambia. Nilikuwa na miezi mitano kazini, bado sijathibitishwa.

Dakika ya sitini nilizamisha kichupa cha kwanza, cha hamira nzima. Nikaandika kwenye safu ya muda, 60. Mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye kichupa cha pili niliposikia sauti ya katibu wa hospitali barazani.

"Nani yuko zamu masjala? Mbona kiti kinapoa?"

Dada, ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Ni muda wa kupiga chafya. Lakini mimi nikisikia sauti ya mkubwa wa kazi mwili wangu hausubiri ruhusa yangu. Nilitoka mlango wa nyuma nikazunguka jengo, nikaingia masjala kupitia dirisha la kupokelea kadi, nikawa nimekaa alipofungua mlango.

"Ulikuwa wapi, kijana?"

"Chooni, mzee."

"Na vumbi hilo magotini? Choo chako unakiingia kwa kutambaa?" Kisha akavuta kiti, akaniambia nimtafutie majalada ya wagonjwa waliohamishiwa hospitali nyingine, moja baada ya jingine. Nilimtafutia. Kila jalada nililolishika nilikuwa naona kichupa kile ndani ya maji ya uvuguvugu.

Niliporudi maabara, saa yako ilionyesha dakika tisini na tano, pengine na kitu. Nilizamisha kichupa cha pili. Nikatazama daftari. Safu ya muda mbele yake ilikuwa wazi, na karani haachi safu wazi. Ofisini, jambo likiwa sawa na la mstari wa juu, hatuliandiki tena, tunaweka vistari viwili vidogo kumaanisha kama hapo juu. Nikaviweka chini ya ile 60. Kalamu haikusita. Nilijiambia kwamba sijaandika tarakimu yoyote ya uongo.

Ulirudi umechoka, umelowa jasho, lakini mayu alikuwa ametulia.

"Vyote viwili sitini kamili?"

"Ndiyo, dada."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Tulifunika dirisha kwa khanga. Ulihesabu kimyakimya kwa muda mrefu. Hamira pungufu za dakika kumi na tano, giza. Za thelathini, giza karibu zote. Kisha ukaweka zile za kichupa cha pili, ukapaza sauti.

"Mabula! Zimemeza. Zimemeza karibu kama nzima! Njoo, njoo uone."

Nikaona. Vitumbo vya njano vimetawanyika gizani, vizuri kuliko nilivyotarajia. Ulinishika mabega ukanitikisa. Ulisema kumbe hamira pungufu inachelewa kuanza tu, kisha inaamka na kuwafikia wenzake; kumbe ergosteroli inaharakisha kazi lakini si lazima iwepo; kumbe wakubwa zako wamekosea. Wiki zote zile ulikuwa hujacheka isipokuwa mama alipokuchekesha. Nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho yake mayu alizidiwa tena. Baada ya hapo reli ikatengenezwa na wewe ukaondoka.

Yaliyofuata niliyapata kwenye barua zako, na kila barua niliifungua nikiwa nimekaa. Uliwaandikia kwamba kipimo kimetoka hivyo. Profesa alirudia kwake, hakikutoka. Ulirudia wewe Dar es Salaam, miezi, hakikutoka. Hamira pungufu haikuamka hata mara moja. Badala ya kusema labda siku ile palikuwa na kosa, uliwaambia ulikuwepo na uliona kwa macho yako. Hukutaja kwamba aliyeshika saa ni mdogo wako. Mwishowe wakasema umekipika. Nafasi ya kwenda Ulaya ikafutwa.

Mwaka jana mayu alipotutoka, ulikuja kuzika ukiwa umekonda. Kwenye matanga shangazi alikuuliza mbele ya watu, "Na ile safari ya Ulaya, Milembe, mbona kimya?"

Ulijibu, "Nilikosea, shangazi. Kumbe sijui kuhesabu."

Nilikuwa nimesimama na birika, nawanawisha watu mikono. Nilikuwa nimekaribia kufika kwako. Maneno yalikuwa mdomoni, Dada, nakuapia. Nikakumiminia maji, ukanawa, ukasema asante mdogo wangu, nikasogea kwa mtu wa pili. Kesho yake uliacha sanduku la daftari zako kwenye chumba cha mayu, ukapanda lori la kwenda Geita.

Habari zako nimezipata kwa Masele wiki tatu zilizopita. Alikuja dirishani kuchukua kadi yake, akanikodolea macho.

"Wewe karani, una dada machimboni? Maana sura hii nimeiona kwa Profesa wetu."

"Profesa gani?"

"Mama mmoja tunamwita hivyo. Anatusafishia dhahabu. Anachoma zebaki kwenye kikaango, akianza anatufukuza wote tusivute moshi. Tunamwambia, na wewe ondoka basi! Anasema wa kwake ameshauvuta." Akacheka, kisha akaona sicheki. "Ana kichwa yule. Lakini mwambie ashike daftari la nani kaleta mawe mangapi, hataki. Anasema yeye kuhesabu hajui. Profesa gani hajui kuhesabu? Tunamtania kila siku."

Nilimpa kadi yake. Nikaenda kukaa stoo ya fomu.

Siku sita baada ya hapo ikaja barua ya profesa, kwa sanduku la posta la hospitali, kwa kuwa ndiyo anwani pekee uliyowahi kumpa ukiwa huku. Jina ni lako. Niliifungua, na hilo nalo ni kosa langu. Anasema wanafunzi wake wanazidi kuona kwamba utando usio na ergosteroli kamili haubonyei inavyopasa, na kwamba vipimo vyako vingine vyote, vya kabla na baada, vilikuwa sahihi na vilitangulia vya watu wake. Anasema haamini tena kwamba ulidanganya. Nafasi ipo mpaka mwisho wa Septemba. Anataka kitu kimoja tu: umweleze kile kipimo cha dakika sitini kilipatikanaje.

Wewe huwezi kumweleza. Aliyekuwa na maelezo ni mimi, na niliyaweka kwenye mtoto wa meza pamoja na barua yake kwa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili nilifungua sanduku lako ili ninakili ukurasa ule. Daftari lina harufu ya dawa ya mende. Nilipofika kwenye mstari, nikaona vile vistari vyangu viwili, na pembeni yake karatasi imebonyea. Uliandika kwa penseli halafu ukafuta kwa raba, lakini mkono wako huwa mzito. Nililiinamisha daftari kwenye mwanga wa dirisha nikasoma: Mabula alikuwa wapi?

Sijui uliandika lini, wala ulifuta lini. Kama ulifuta Jumamosi ile ile, basi uliliamini neno langu kuliko macho yako. Kama ulifuta baada ya kuambiwa umekipika, basi ulijua, na ukawa unanisitiri, mpaka kwenye matanga, mpaka leo mbele ya kikaango cha zebaki. Nimelala na mambo haya mawili tangu siku hiyo na sijaweza kuchagua ni lipi linaniumiza zaidi.

Nimeshamwandikia profesa. Nilimweleza kwa Kiingereza cha shule, nikatia sahihi jina langu kamili na kazi yangu, nikaipeleka posta mwenyewe ili nisirudi nyuma. Nimemwambia mkuu wa maabara. Alivua miwani, akasema, "Nusu saa, mtoto? Kwa nusu saa tu?" Katibu ameniita Jumanne. Amejua kwamba niliacha zamu na kwamba nilifungua barua isiyo yangu. Huenda wiki ijayo sitakuwa na meza hii wala mashine hii, ndiyo sababu nimepiga nakala zote sita leo.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi ambayo kila mpita njia anaisoma. Naomba utoke kwenye moshi huo. Nauli nimempa Masele, na barua ya profesa iko kwa mkuu wa maabara, siyo kwangu, ili ukija usilazimike kuniona kama hutaki. Septemba haina siku nyingi. Ukipita Shinyanga bila kubisha hodi nyumbani Ngokolo, nitaelewa, nami sitamuuliza mtu.

Nenda salama, Dada, popote utakapochagua.

Na huu ni mstari kama ulivyopaswa kuandikwa, kwa mkono wangu mwenyewe chini ya kila nakala:

Hamira pungufu, kichupa cha pili: dakika tisini na tano, kwa kukadiria. Mshika saa hakuwepo chumbani. Aliyehesabu alihesabu sawasawa.

Mdogo wako,
Mabula